Glen Moray 18, mmeionaje wakuu?

Mtafuta Kimea:
Wakuu habari zenu. Nimefungua Glen Moray 18, yaani ya miaka 18, ile singo molti (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja) ya Elgin kule Speyside, Uskoti. Nimeipenda sana ila kuna kitu kinanisumbua. Ukiinusa inakuja vanila nzito, tofi na kaharufu ka maganda ya machungwa, mdomoni tamu na ina kamafuta hivi, lakini ikishashuka tu unabaki uchungu mkavu kama umetafuna njiti ya kiberiti. Naipiga kavu, hakuna maji wala barafu. Ndo miaka mingi kwenye pipa au? Na mbona bei yake ya kawaida wakati 18 za viwanda vingine hazishikiki?

PipaKuukuu:
Mkuu huo uchungu ni mwaloni wenyewe. Hii wanailaza kwenye mapipa ya Kimarekani yaliyotoka moja kwa moja kwenye burboni, ile wiski ya Marekani, mti bado una nguvu, sasa miaka 18 humo vanila inatoka na tanini, ule ukakasi wa mti, zinatoka, huwezi kupata moja ukakosa nyingine. Halafu soma lebo, kilevi ni asilimia 47.2, sio 40 kama nyingi za bei hiyo. Weka maji kidogo, iache itulie, halafu unuse tena. Mi hapo ndo napata asali na tangawizi.

Mama Glasi:
Maji sawa ila matone tu jamani, ukizidisha ule utamu wa tofi unakufa unabaki na mbao. Kuhusu bei, ni jina. Kimea cha Glen Moray kimekuwa kikienda sana kwenye wiski za kuchanganywa, watu hawakiimbi kama vile vya majirani zake. Mi naona tunapendelewa, maana pipa linapoteza kama asilimia 2 kila mwaka hewani, ikifika 18 karibu theluthi imeshaenda, na hiyo namba kisheria ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo, zingine zinaweza kuwa kubwa zaidi.

Sauti ya Shayiri:
Umri msiutukuze sana. Deanston 12, singo molti nyingine ya Uskoti, ya asilimia 46.3 hainipi uchungu huo na ina asali ya kutosha, mwisho wake laini.

Mtafuta Kimea:
@Mama Glasi nimeweka matone, machungwa yamefunguka kweli na ukavu umepungua ila haujaisha. Bado kwangu inaishinda Deanston kwenye harufu, hapo sibishani.