Mama yuko Kilwa Kivinje, mimi niko Moshi. Kimbunga Hidaya kinakuja, nimwambie afanye nini leo?

Fundi Cherehani, Moshi (Ijumaa 3 Mei 2024, saa 1:20 asubuhi)

Habari za asubuhi ndugu zangu. Nipo kibarazani kwangu Mtaa wa Chagga, cherehani bado sijaifunua. Usiku sikulala. Mamlaka ya Hali ya Hewa wametangaza kwamba ule mgandamizo mdogo wa hewa mashariki mwa Mtwara umeshakuwa kimbunga kamili, kimepewa jina Hidaya, na kinasogea pwani yetu.

Mama yangu yuko Kilwa Kivinje. Ana miaka 69, anaishi na mjukuu wa miaka tisa, mtoto wa marehemu dada yangu. Nyumba ni ya fito na udongo, paa la makuti, na kutoka mlangoni hadi kwenye mikoko hazizidi hatua mia mbili. Ana mbuzi wanne na kisima uani. Nilimpigia alfajiri akiwa ndiyo kwanza ametoka kuswali. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth, wenzetu wa Mtwara wakahamishwa, hakikuja. 2021 tukaambiwa Jobo, kikafia baharini. Na hiki nitakisubiri hapa hapa kwangu."

Sitaki kumtia hofu wala kumkosea adabu. Lakini marehemu bibi alitulea na habari za kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952, na mama mwenyewe naye alikuwa akitusimulia. Shangazi yupo Nangurukuru, kule barabara kuu, palipoinuka. Kutoka Kivinje ni kilomita kumi na kitu, bajaji inafika. Mama anataka kubaki alinde nyumba.

Ana simu ya kitochi tu, kwa hiyo picha na ramani hazimfikii. Ni sauti yangu peke yake. Wanaojua bahari na wanaojua mafuriko naomba mniambie: nianze na lipi?

Baharia wa Majengo (saa 2:05 asubuhi)

Binti yangu, salaam. Mimi ni mtu wa Mikindani, nimefanya kazi ya mashua miaka ishirini na mbili kabla ya kuja kuuza samaki wakavu hapa Moshi. Nitakwambia ninayoyajua.

Kwanza mwezi. Leo ni 24 Mfunguo Mosi, maji ni mafu, yaani bahari haijai sana. Bamvua, yale maji makubwa, bado siku kadhaa. Hiyo ni rehema, kwa sababu upepo wa kimbunga husukuma bahari ipande nchi kavu, na ukikutana na bamvua maji yanaingia mpaka vyumbani. Lakini mama asije akaambiwa "maji mafu" akatulia. Mwambie imepungua hatari moja tu.

Pili upepo. Huku kwetu kusini ya ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikipita kaskazini ya Kilwa, upande wa Mafia, upepo utaanza kusi, wa kutoka kusini, halafu utageuka matlai, wa mashariki, uje moja kwa moja kutoka baharini. Mlango na dirisha la upande huo vikazwe leo kwa mbao na misumari. Na upepo ukinyamaza ghafla katikati ya dhoruba, mtu asitoke kuangalia. Kama kitovu kiko juu yenu, utarudi kutoka upande wa pili na nguvu zile zile.

Tatu paa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Makuti hayaanguki, yanafumuka. Upepo unaingia chini ya upenu, unanyanyua kuti la kwanza, mengine yanafuata. Kivinje hapakosekani nyavu kuukuu. Vijana watupe wavu juu ya paa lote, ushuke pande zote mbili, pembe zake zifungwe kwenye magogo ya minazi yaliyolazwa chini. Wasizifunge kwenye nguzo za upenu, maana nguzo ikitoka inakwenda na paa. Wavu unapitisha upepo na unashika makuti. Turubai usilikubali, linageuka tanga.

Halafu mtafute mkwezi leo hii aangue nazi zote za minazi iliyo karibu na nyumba. Nazi moja kwenye upepo ule ni jiwe.

Na baada ya hayo yote, mama aondoke. Ukishafunga wavu, nyumba imepata mlinzi wake.

Mwalimu wa Sakina, Arusha (saa 2:40 asubuhi)

Dada, pole kwa wasiwasi. Mama hajakosea kuhusu Kenneth, ila habari ameipata nusu. Kenneth hakikupotea. Tarehe 25 Aprili 2019 kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, kikavunja nyumba za watu wanaoongea lugha moja na ndugu zetu wa Mtwara. Kimbunga hubadili njia kwa masafa ambayo baharini ni madogo sana. Waliotoka majumbani mwaka ule hawakudanganywa. Mwambie hivyo kwa upole, bila kumshinda hoja. Mzee akishindwa hoja na mwanawe habadili msimamo.

Jambo jingine: mtumie pesa sasa hivi, kabla hujaanza kushona. Akazitoe kwa wakala asubuhi hii hii. Umeme ukikatika na mtandao ukaanguka, pesa iliyo kwenye simu si pesa.

Mama Kahe (saa 3:15 asubuhi)

Shikamoo mzee Baharia, nimejifunza. Mdogo wangu Fundi, mimi bahari siijui, niko Kahe, ila maji nayajua. Mnaongea bahari tu. Mimi nakuuliza: nyuma ya nyumba ya mama kuna nini?

Huku kwetu maji hutufikia jua likiwaka. Mvua imenyesha mlimani, sisi tumeanika mahindi, jioni mto umetoka njia yake. Mwaka mmoja nilipoteza magunia sita kwa sababu nilitazama mbingu ya Kahe peke yake. Kimbunga ni mvua nyingi kabla ya kuwa kitu kingine, na mvua hiyo itanyesha mpaka bara ya Kilwa, kwenye ardhi ambayo tangu mwaka jana imeshiba. Mafuriko ya Rufiji mmeyaona mwezi uliopita. Maji yote hayo yatashuka kutafuta bahari, na mama yako amekaa katikati ya njia.

Kwa hiyo: vitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto na hati ya kiwanja kwenye mfuko wa nailoni, avae mwilini, asitie kwenye begi. Dumu za maji zijazwe leo, kisima kifunikwe na kiwekewe mzigo juu. Mbuzi wafunguliwe kamba, waswagwe kuelekea juu. Mbuzi aliyefungwa ndiye anayekufa maji. Na wakikuta maji yanakatisha barabara wasivuke, hata yakiwa ya magotini. Yale yanayokwenda mbio yanamwangusha mwanamume mzima, sembuse mtoto wa miaka tisa.

Fundi Cherehani, Moshi (saa 5:50 asubuhi)

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Dada wa Kahe, swali lako limenishtua. Nyuma ya nyumba kuna bonde la mpunga. Tulikuwa tunakamata kambale pale tukiwa wadogo, na sijawahi kulifikiria kama hatari.

Nimempigia. Nimetuma elfu sitini na ameshazitoa. Nimeanza na wavu, sikuanza na kuhama. Mzee Baharia, nilipotaja wavu alinyamaza, kisha akasema hata baba yake alifunga hivyo. Mjomba na vijana wawili wanaufanya baada ya swala ya Ijumaa. Nikaingiza habari ya Cabo Delgado kama alivyosema Mwalimu. Halafu nikasema, "Mama, mtoto ana miaka tisa, maji yakija usiku utambeba wewe?" Hakujibu. Baadaye akasema atakwenda Nangurukuru "kumsalimia wifi yake". Sikuongeza neno.

Tumekubaliana simu aizime, aiwashe saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu, dakika kumi.

Fundi Cherehani, Moshi (Jumamosi 4 Mei, saa 2:30 usiku)

Jana jioni tuliongea, walikuwa wamefika kwa shangazi. Leo asubuhi simu iliita mara moja ikakatika. Jioni hii haipatikani kabisa. Wanasema kimefika Mafia na kimepungua nguvu. Hapa Moshi mvua ya kawaida, na mimi kila upepo ukitikisa bati nasimama. Mwenye ndugu Nangurukuru au Kilwa Masoko aniambie chochote.

Baharia wa Majengo (saa 2:55 usiku)

Binti, simu kutopatikana ni minara. Kuwa na subira mpaka saa kumi na mbili. Nipo macho na wewe.

Fundi Cherehani, Moshi (Jumapili 5 Mei, saa 4:10 asubuhi)

Alhamdulillah. Amepiga kwa simu ya jirani wa shangazi. Wote wazima.

Mjomba amekwenda Kivinje kwa miguu alfajiri. Bahari haikufika. Maji yametoka nyuma, bondeni, yameingia uani hadi kizingiti cha pili, ukuta wa jikoni umelala chini wote. Paa lipo, limefumuka upande mmoja tu ambapo wavu ulikuwa mfupi. Mbuzi watatu wamerudi wenyewe, mmoja bado.

Nilitaka nipande basi leo, lakini barabara ya kusini imekatika pale Somanga, magari yamelala pande zote mbili. Nabaki hapa nishone, nitume cha kujengea jiko.

Mzee Baharia, mama anauliza wewe ni wa ukoo gani Mikindani, anataka kukuletea salamu kwa njia inayofaa. Dada wa Kahe, kisima kimeingiwa na yale maji ya bondeni, na choo cha jirani kimefurika. Mjomba anasema maji yameanza kutulia, yanaonekana safi. Wanywe?

Mama Kahe (saa 4:25 asubuhi)

Wasinywe, hata yakiwa meupe kama ya chupa. Kipindupindu hakina rangi. Wakichote chote mpaka tope la chini, wakiache kijae, wakichote tena, halafu waende kwa bwana afya wa kata awape klorini na awaonyeshe kipimo cha kisima kile. Mpaka hapo maji ya kunywa yachemshwe yatokote kweli kweli, yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na yachotwe kwa kata ya mpini. Mwambie mjomba leo hii, kabla mama hajarudi.