Jalada langu limewadanganya wasomaji. Nilibadilishe au niliache?

Mwandishi wa Ngamiani
Salaam wanajamvi. Nimeandika riwaya ya upelelezi: karani wa shamba la mkonge, njia ya Muheza, anakutwa amekufa ndani ya ghala la singa, zile nyuzi za mkonge. Nikachapisha nakala 300 kwa hela yangu ya mchezo. Jalada nikamwachia kijana wa steshenari. Akaniwekea machweo ya bahari, dada kajitanda kanga anatazama maji, na jina la kitabu kwa herufi za kujipindapinda kama kadi ya harusi. Wallahi, nililipenda.

Mama mmoja muuza vitumbua, Barabara ya 12, akanunua. Siku ya tatu akanisimamisha njiani: "Mwanangu, mimi nangoja waposane, we ukurasa wa 14 unanitolea maiti!" Na vijana wa kijiweni, ambao ndio wapenzi wa upelelezi, hawakigusi. Mmoja kaniambia hicho atamnunulia shemeji yake.

Zimebaki 220 chini ya kitanda. Hivi ni lazima jalada liseme kitabu ni cha aina gani, au nasingizia jalada kumbe kitabu chenyewe hakiuziki?

Muuza vitabu stendi
Kaka, mama wa watu hana kosa. Abiria wangu ana dakika mbili, konda anapiga bodi. Jina hasomi, anaangalia rangi. Mezani kwangu nyekundu na waridi ni mapenzi, jeusi lenye kisu ni upelelezi, kijani lenye nakshi za dhahabu ni dini. Niliwahi kuwa na kitabu cha ufugaji wa kuku, jaladani dada anacheka na kikapu cha mayai. Kila anayekifunua anakirudisha kwa hasira.

Mchora majalada
Mimi ndiyo kazi yangu (sio mimi niliyekuharibia!). Mteja anakuja na jina la kitabu na neno moja: "weka kitu kizuri." Kitabu kinahusu nini, hasemi. Wewe ulimwambia yule kijana kuna maiti?

Wenzetu walishaliwekea utaratibu. Italia, kampuni ya Mondadori ilianza mwaka 1929 kutoa riwaya za upelelezi zenye majalada ya njano, na mpaka leo Mwitaliano akisema "giallo", yaani njano, anaweza kuwa anamaanisha hadithi ya upelelezi. Wachapishaji Penguin wa Uingereza mwaka 1935 wakaweka rangi ya chungwa kwa riwaya za kawaida na kijani kwa upelelezi. Kijani hichohicho hapo stendi ni dini! Kwa hiyo usiige rangi za watu, angalia za meza unayouzia. Halafu lipunguze jalada lako liwe dogo kama kwenye stetasi ya WhatsApp. Utaona kanga tu.

Mwalimu mstaafu
Msimpoteze kijana. Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wetu wa hapa Machui, Tanga, ilitoka mwaka 1951: nchi iko angani, mtu anashitakiwa, anajitetea. Hiyo mngeipaka rangi gani? Darasani kwangu nakala zilikuwa hazina jalada kabisa, zimeshonwa kwa uzi wa gunia, na watoto walizisoma.

Mwandishi wa Ngamiani
Shikamoo mwalimu. Watoto wako walikuwa na mtihani mbele yao. Wangu mimi wana nauli ya daladala mfukoni, na wanachagua.

Mchoraji, umenishika pabaya. Sikumwambia. Nilimpa jina la kitabu na hela, nikaenda kunywa kahawa. Toleo lijalo namtoa yule dada, naweka robota la singa na kiatu kimoja kimechomoza. Kwa hizi 220 nataka stika nyeusi, RIWAYA YA UPELELEZI, ipite juu ya machweo. Yule mama nilimpelekea hela yake jana, kakataa kuipokea. Anataka nimwambie kwanza nani kamuua karani.

Mchoraji, shiti moja ya stika inatoa ngapi, na mnakata wenyewe au nije na mkasi?