Mdogo wetu anaingia utawa Januari: miezi ya mwanzo monasterini huwaje?

DadaMkubwa_Songea
Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wetu amekubaliwa kuwa mpostulanti (hatua ya kwanza ya kujaribu utawa) kwa Wabenediktini. Ana miaka 27 na amemaliza chuo. Mama anauliza: atazoeaje kuamka usiku, tunaweza kumtumia vitu, na ukitokea msiba ataruhusiwa kuja? Naomba wanaoyajua maisha ya ndani wanijibu. Kumwombea tunamwombea tayari.

Kompleti
Milele amina, dada. Ratiba hutofautiana, iwe Peramiho, Ndanda, Hanga au Mvimwa, lakini sala ya kwanza huwa kabla hakujapambazuka, na baada ya Kompleti, sala ya mwisho ya siku, huanza ukimya mkuu hadi asubuhi. Wageni wengi huharibikiwa usiku: ukimya umeanza, taa inabaki inawaka, mtu anawaza nyumbani hadi saa 6, kisha anasinzia kwenye masomo na kudhani imani yake imepoa. Amekosa usingizi tu. Wiki 3 kabla ya safari alale saa 3 usiku na aamke saa 10 na nusu, Jumapili pia, simu ikiwa chumba kingine.

Akichelewa sala, aingie hivyo hivyo. Sura ya 43 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za monasteri, inataka Zaburi ya 94 (Biblia zetu nyingi huihesabu 95) isomwe polepole ili waliochelewa wawahi. Anayepitwa nayo pia husimama mahali pa mwisho na hazuiliwi mlangoni, maana akibaki nje atarudi kulala au kupiga soga. Benedikto aliwajua watu.

Na zaburi zenyewe azifanyie mazoezi kwa sauti. Huimbwa kwa pande mbili, na ile nyota (*) katikati ya mstari ni pumzi. Mgeni aliyezoea kwaya ya parokia huipita mbio, sauti yake ikasikika peke yake kanisani. Aimbe chini kidogo kuliko jirani yake, ndipo atamsikia.

Bruda_wa_bustanini
Kuamka atazoea. Kitakachomchoma ni cheo. Sura ya 63 ya Kanuni inapanga watu kwa siku na saa ya kuingia, wala haiangalii umri au shahada. Kijana wa miaka 20 aliyetangulia atakuwa mbele yake kwenye foleni na kwaya, na huenda ndiye atakayemwonyesha jinsi ya kuosha vyombo. Kwetu tuliolelewa kumwamkia mkubwa, hilo huuma kimyakimya, na ndipo mtu huanza kusema "nimewakumbuka nyumbani". Mwambieni mapema. Likimkaa moyoni ampelekee mlezi, yaani mtawa anayewasimamia wapya, asilizungushe kwa wenzake.

Kuhusu vitu: sura ya 54 hairuhusu mtawa kupokea barua wala zawadi, hata ya wazazi, bila ruhusa ya abate (mkuu wa monasteri), na abate anaweza kumpa mwingine. Mama akituma shati moja zuri, asishangae kuliona mwilini mwa mtu mwingine. Atume kinacholika na wote, gunia la karanga au ndoo ya asali, akimwandikia mlezi. Za simu ulizeni siku ya kumsindikiza: siku gani, saa ngapi, kwa namba ipi. Msipoambiwa mapema, ukimya wa wiki mbili mtaufanya ugonjwa.

Sheria_za_Kanisa
Msiba. Wakati wa upostulanti mnaelewana na mlezi. Unovisi, hatua inayofuata kabla ya nadhiri za kwanza, ndio una hesabu kali: lazima miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi. Kwa mujibu wa namba 649 ya Sheria za Kanisa za 1983, kutokuwepo zaidi ya miezi 3, mfululizo au kwa vipande, kunabatilisha unovisi, na kukizidi siku 15 lazima kufidiwe. Kuzika na kurudi hakuna shida. Shida ni familia inayomwita kwenye mazishi, kisha arobaini, kisha harusi ya binamu, na kila mara aongeze siku mbili za njiani.

Mpigieni mlezi kwanza. Semeni wazi kama ni baba mzazi au baba mdogo, maana "baba amefariki" pekee humfikisha abate kwenye uamuzi usio sahihi. Tajeni siku ya mazishi na nani analipa nauli.

DadaMkubwa_Songea
Asanteni sana. Ana mkopo wa chuo bado, na shamba aliloachiwa na babu. Itakuwaje?

Sheria_za_Kanisa
Mkopo autaje leo, kabla ya Januari. Namba 644 inakataza kumpokea unovisi mwenye deni asiloweza kulipa, na likigundulika baadaye hurudishwa nyumbani wengi ambao wangeweza kupangiwa utaratibu. Shamba kwa sasa linabaki lake. Kabla ya nadhiri za kwanza atamkabidhi mtu usimamizi wake, na wosia ataandika kabla ya nadhiri za daima (namba 668). Ndugu wasianze kuligawana.

Vyeti vyake vya chuo vibaki kwa mama. Mnovisi ana uhuru wa kuondoka siku yoyote, na sura ya 58 ya Kanuni inaagiza hata nguo alizoingia nazo zitunzwe stoo, asije akatoka bila cha kuvaa.