Eti "tutakuita tukifika mdomoni"??? Haya masomo ya pamoja leo yamenishinda

GegoLaMwisho (mleta mada):
Wakuu naandika mikono bado inatetemeka kwa hasira kwahiyo mkiona herufi zimepishana mnivumilie. Leo si tulikuwa na kile kipindi cha fani zote, meno, udaktari, uuguzi, famasia, maabara, grupu moja kesi moja. Jina simtaji, wote mnamjua, yule bwana wa stethoskopu ambaye nahisi hata kuoga anaoga nayo. Kesi ni mama ana kisukari, dawa anameza vizuri, sukari haishuki, na chini kabisa ya karatasi wameandika fizi zinatoka damu na meno yanacheza. Nikanyoosha kidole kwa adabu zangu nikasema jamani tuanzie kwenye fizi, maana hivi vitu vinachocheana, sukari ikipanda fizi zinaharibika, na fizi zikiharibika sukari nayo inakuwa mbishi kushuka. Jamaa hata hakugeuka. "Wewe wa meno subiri, tutakuita tukifika mdomoni."

TUKIFIKA MDOMONI!! Kwani mdomo ni kituo cha mwisho cha basi? Grupu zima likacheka, msimamizi akacheka, nadhani hata ile mifupa ya kufundishia pale kona ilicheka na yenyewe ina meno yote nje. Halafu eti nina mwandiko mzuri nishike makapeni niandike anayosema yeye. Nimeandika mpaka figo, mpaka macho, mpaka vidole vya miguu tumefika, muda umeisha mdomoni bado. Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linasema wanafunzi wa fani tofauti wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Sisi tulichokuwa nacho pamoja ni viti. Tutakuita tukifika mdomoni. Hivi alijisikia lakini??

KoromeoKavu:
Pole mkuu. Swali dogo tu, walikuita? 😂

nesi_zamu_ya_usiku:
We unalia kuambiwa usubiri, mimi grupu letu nimegeukiwa kwa kitu kimoja tu, "sista, presha ilikuwa ngapi?" Presha imeandikwa kwenye karatasi, karatasi kaishika yeye, na mimi ni mwanaume.

DaktariMtarajiwa:
Mleta mada punguza jazba. Mgonjwa anaangaliwa kwa mpangilio, kwanza njia ya hewa, halafu upumuaji, halafu damu. Jino haliui mtu.

GegoLaMwisho:
Haliui?? Usaha wa gego la chini ukisambaa chini ya ulimi, ulimi unanyanyuliwa juu, shingo inavimba, mtu anakata pumzi unamuona. Hiyo njia yako ya hewa inaanzia wapi, kwenye kitovu? Daktari Ludwig wa Ujerumani alishaeleza hayo 1836. Tutakuita ukifika 1836.

KoromeoKavu:
😂😂😂 huyu mleta mada kumbe ana meno

DawaBaridi:
Nyamazeni, wenye kilio ni famasia. Mgonjwa wetu anatumia nifedipini, dawa ya presha, fizi zimevimba zinataka kufunika meno. Wa meno anasema asafishwe, wa udaktari anasema presha imetulia dawa isiguswe, mimi nikasema jamani hiyo dawa yenyewe huwa inavimbisha fizi, tujadili kuibadilisha. Jibu nililopewa: "Asante mtu wa dirishani." DIRISHANI.

KoromeoKavu:
mtu wa dirishani 😭 nabadili jina la akaunti leo leo

Darubini:
Angalau nyie mnatukanwa, maana yake mnaonekana. Sisi maabara kila kesi inaanza "majibu yamerudi". Yamerudi yenyewe? Yana miguu?

nesi_zamu_ya_usiku:
Darubini wewe nyamaza kabisa. Kila siku "sampuli imeganda leteni nyingine", narudi kumchoma mgonjwa mara ya pili ananiangalia kama mwizi wa damu.

Darubini:
Inaganda kwa sababu hamgeuzigeuzi. Chupa ya kifuniko cha zambarau inapinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 hapo hapo ukimaliza kutoa. Nyie mnaitumbukiza mfukoni mnaenda kupiga stori.

nesi_zamu_ya_usiku:
Nani kaweka mfukoni? Nani? Mtaje.

GegoLaMwisho:
Jamani uzi wangu

DaktariMtarajiwa:
Samahani, karatasi ya mahudhurio ya leo ipo kwa nani? Mimi sijasaini.

Darubini:
Msibadili mada. Mfukoni. Tena mfuko wa nyuma, nimeona kwa macho yangu.