Vumbi la zege: tupeane uzoefu

Fundi Mbagala: Ndugu zangu, jana nimemwona kijana akichonga nguzo kwa grenda, kajifunga kipande cha fulana puani, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, nikamkumbuka mwenzangu. Tulikuwa tukikata sakafu ya zege kwenye ghorofa la chini lisilo na dirisha, tukitoka humo tukitambuana kwa sauti tu. Alianza kikohozi kikavu, ikafika mahali kupanda ngazi mikono mitupu kukamshinda. Alitibiwa kifua kikuu, akamaliza dozi, pumzi ikazidi kukata, hadi daktari mwingine alipomuuliza anafanya kazi gani na kuitazama upya eksirei yake. Yalikuwa makovu ya silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini la silika lililomo kwenye zege, na makovu hayo hayana tiba. Alifariki akiwa amekaa, kwa sababu kulala kulimnyima hewa. Ninyi mnalizuiaje vumbi hili?

Binti Saruji: Pole sana. Kwetu kila jioni tunapewa maziwa ya kusafisha kifua.

Nondo16: Dada, maziwa huenda tumboni, si mapafuni. Msimamizi anayegawa maziwa badala ya maji ya kukatia anawadanganya vibarua.

Binti Saruji: Msimamizi wetu ni mtu mwema, usimhukumu bila kumjua.

Nondo16: Sijasema ni mbaya, nimesema maziwa hayasaidii.

Mzee wa Ramani: Lowesheni zege kabla ya kukata, na mmoja aendelee kumwagia maji pale diski inapogusa.

Fundi Umeme: Mzee, hapo utatuzika! Grenda ya kawaida ya umeme haimwagiwi maji. Tafuteni mashine iliyotengenezwa na bomba lake la maji, au yenye kifuniko cha kuvuta vumbi.

Aliye Minneapolis: Huku Marekani, kanuni ya mwaka 2016 inataka vumbi hilo laini la silika lisizidi mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Misumeno ya zege tunayotumia ina maji yake.

Kibarua Tegeta: Mashine hiyo atainunua nani, wakati hata buti tunajinunulia?

Fundi Mbagala: Mkandarasi ndiye mwenye wajibu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hupokea malalamiko.

Nondo16: Msifagie vumbi kavu, wala msipeperushe nguo kwa kompresa. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, daraja la N95 au zaidi, nayo ibane uso, kwani ndevu huipitishia vumbi pembeni.

Binti Saruji: Kesho nitamuuliza msimamizi kuhusu mashine ya maji.