Ruzuku za benki za maendeleo kwa visiwa vidogo: nani anapata, na mradi unakwama wapi?

Kokoto_na_Saruji aliuliza:

Wakuu, naomba kueleweshwa. Tuvalu, Kiribati na Visiwa vya Marshall wanajengewa gati, viwanja vya ndege na mitambo ya maji kwa ruzuku za Benki ya Maendeleo ya Asia (ADB) na Benki ya Dunia, hawarudishi hata senti. Shelisheli na Morisi nao ni visiwa, lakini wanakopa na kulipa. Ni kipi kinachoamua? La pili: ruzuku inatangazwa leo, halafu miaka inapita bila nguzo hata moja kusimikwa baharini. Inakwama wapi hasa? Na wizara yenye wahandisi watatu ianzie wapi?

Dirisha_la_Tatu alijibu:

Uzuri wa mradi hauamui chochote hapo. Kinachoamua ni hali ya nchi yenyewe, tena kwa maswali mawili yanayofuatana.

La kwanza, nchi inaingia dirisha gani? Benki ya Dunia ina IDA kwa nchi maskini, na upande wa mikopo ya kawaida kwa wenye kipato cha juu zaidi. Kisiwa kidogo kinaweza kuwa na pato la wastani linalovuka kikomo cha IDA na bado kikabaki ndani, kwa sababu tangu 1985 kuna msamaha wa visiwa vidogo, vile vyenye watu chini ya milioni 1.5. Sababu yake iko wazi: kimbunga kimoja kinaweza kufuta pato la mwaka mzima, na soko la mikopo haliangalii nchi ya watu elfu kumi. Shelisheli na Morisi wako nje ya dirisha hilo, ndiyo maana wanakopa.

La pili, deni. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia hufanya pamoja uchambuzi wa uhimilivu wa deni, na nchi hupewa daraja kama taa za barabarani. Taa nyekundu, yaani hatari kubwa ya kushindwa kulipa, fedha za IDA huja zote kama ruzuku. Kijani ni mkopo nafuu. Mfuko wa ADB wa ruzuku na ule wa Benki ya Maendeleo ya Afrika hufuata mantiki hiyohiyo, na Komoro imepata ruzuku kwa njia hiyo. Masharti ya IDA hupitiwa kila mwaka wa fedha wa benki, unaoanza 1 Julai. Taa ikibadilika, ruzuku iliyokwisha kusainiwa haiguswi, mradi mpya ndio unaobadilishiwa masharti. Kwa hiyo mwenye mradi uliokaribia kuidhinishwa na bodi ya benki asiache tarehe hiyo impite kizembe.

Kuna mgao wa msingi pia: tangu duru ya IDA18 (uchangishaji wa 18 wa mfuko huo) kila nchi huanzia SDR milioni 15 kwa mwaka (SDR ni fedha ya hesabu ya IMF), hapo awali ilikuwa milioni 4. Kwa nchi yenye watu elfu kumi hizo ni fedha nyingi mno. Tahadhari moja: ukipewa ruzuku halafu ukaenda kuchukua mkopo ghali kwingine, sera ya IDA iliyoanza Julai 2020 inaruhusu sehemu ya mgao wako kuzuiwa. Watu wa hazina wanalijua hilo. Wa ujenzi mara nyingi hawalijui, ndipo waziri anaposaini mkopo wa feri bila kuuliza.

Tishari_Moja alijibu:

Kuhusu kukwama: bodi kuidhinisha si fedha kuingia. Baada ya bodi kuna kusaini, kisha masharti ya mkataba kuanza kutumika, ikiwemo maoni ya kisheria ya mwanasheria mkuu wa serikali, na mara nyingi kitengo cha utekelezaji kilichokwisha kuajiriwa na mwongozo wa uendeshaji. Akaunti maalum nayo lazima ifunguliwe. Barua moja ya mwanasheria mkuu aliyesafiri inaweza kula miezi mitatu. Andaeni rasimu yake wakati wa majadiliano, msingoje kusaini.

Ila mahali panapoumiza kweli ni zabuni. Kisiwa cha matumbawe hakina mwamba mgumu. Kokoto, mchanga wa zege, saruji, chuma na kreni vyote huja kwa tishari kutoka mbali, na kokoto zikifika na udongo au mbegu huzuiwa na karantini. Kuchukua mchanga wa ufukweni ni kosa mara mbili: unafungulia mmomonyoko, na chumvi yake inaozesha nondo ndani ya zege. Sasa kuleta na kuondoa mitambo peke yake kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya gati dogo. Mhandisi mshauri akitumia bei za bara na kuongeza asilimia 10 ya dharura, zabuni zikifunguliwa hakuna hata moja inayoingia kwenye bajeti. Mnarudi kupunguza urefu wa gati au kuomba ruzuku ya nyongeza, na nyongeza ni safari nyingine ya bodi.

Dawa: pigeni simu kwa wakandarasi wa baharini kabla ya kufunga makadirio, muwaulize tishari zao ziko wapi mwaka huo. Unganisheni visiwa viwili au vitatu kwenye kandarasi moja ili mitambo isafirishwe mara moja. Sharti la mauzo ya mwaka lisiwe kubwa kiasi cha kumfukuza mkandarasi wa ukanda wenu. Na ratiba ianzie kwenye msimu wa bahari tulivu, kalenda ya bajeti ije baadaye.

Kitu kingine kisichoonekana: ruzuku nyingi za IDA huandikwa kwa SDR, mkandarasi analipwa kwa dola. Mwaka 2022 SDR ilishuka chini ya dola 1.30. Aliyekuwa na ruzuku ya SDR milioni 10 iliyopigiwa hesabu ya 1.42 alipoteza zaidi ya dola milioni 1.2 bila kununua hata msumari. Wekeni mstari wa akiba kwa ajili hiyo.

Mita_ya_Maji alijibu:

Naongezea la baada ya ujenzi, maana ruzuku kwa kawaida hailipii umeme wala mishahara ya kila siku.

Chukueni mradi wa maji wa Tarawa Kusini, Kiribati: ADB, Benki ya Dunia na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi (ulitoa dola milioni 28.6), mtambo wa kuondoa chumvi wa mita za ujazo 4,000 kwa siku. Maji ya bahari hutaka takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha, ni kama kilowati-saa 14,000 kwa siku, ndiyo maana umeme wa jua uliwekwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Utando wa kuchuja nao hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na mabomba ya zamani yakivuja unalipia umeme wa maji yanayoingia ardhini. Benki itauliza nani analipa hayo yote. Jibu lisilo na namba halipiti.

Wafadhili wakiwa watatu kama hapo, au kama bandari ya Nauru (ADB, Mfuko wa Kijani na Australia), kubalianeni mapema benki moja iongoze, na kanuni zake za zabuni na mazingira ndizo zitumike. Vinginevyo wahandisi watatu wataandika ripoti tatu kila robo mwaka.

Kokoto_na_Saruji aliuliza tena:

Shukrani wakuu. Mawili yamebaki. Akijitokeza mzabuni mmoja tu, lazima turudie? Na kazi ya kupima kina na udongo tunaweza kuianza kabla ya kusaini?

Tishari_Moja alijibu:

Mmoja anatosha, mkuu, mradi tangazo lilikuwa la haki, muda ulitosha (Benki ya Dunia hutaka angalau siku 30 za kazi kwa zabuni ya kimataifa) na bei inatetewa kwa makadirio. Andikeni hoja hiyo vizuri mkiomba barua ya kutokuwa na pingamizi, yaani kibali cha benki.

Vipimo vinaweza kuanza. Benki zote mbili huruhusu kurudishiwa gharama za kabla ya kusaini, kwa kawaida hadi asilimia 20 ya fedha, zilizolipwa ndani ya miezi 12 iliyotangulia, ikiwa utaratibu wa ununuzi ulifuata kanuni za benki na jambo hilo limetajwa kwenye mkataba. Mkinunua kienyeji, hamrudishiwi. Njia nyepesi zaidi ni kuomba fedha za maandalizi, ambazo baadaye huunganishwa na ruzuku kuu.

Mita_ya_Maji alijibu:

Na ardhi mkuu, usiiache mwisho. Kwingi visiwani ardhi ni ya koo, na fidia kwa kawaida hutoka mfuko wa serikali. Bila mkataba wa upangishaji uliosainiwa na wenye eneo lote, pamoja na waliohamia ng'ambo, mkandarasi atafika na tishari lake akae akihesabu siku za kusubiri, na siku hizo mtazilipa nyinyi.