Tiba ya upumuaji au uuguzi? Nimekwama, wakuu

KijanaWaHouston: Wakuu, habari za leo. Mwaka wa 3 sasa nageuza wazee usiku kama CNA (msaidizi wa nesi) hapa Houston, mgongo umeshaanza kulia. Nataka kurudi shule. Kuna unesi, na kuna hii kozi ya tiba ya upumuaji, miaka 2. Wenye uzoefu, niende wapi?

DadaMwanza: Niko upumuaji mwaka wa 6. Mdogo wangu, mgongo utapumzika lakini miguu itaanza. Nesi ana wagonjwa wake kadhaa, sisi tunapewa ghorofa nzima. Nebulaiza (mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke) huku, kunyonya makohozi kule, kutoa damu ya ateri kwenye kifundo cha mkono, mara spika inaita moyo umesimama, unakimbia. Juzi saa 9 usiku mashine ya kupumulia ikapiga kelele, nesi kashashika simu kumwita daktari. Nikaangalia mpira wa hewa: maji ya mvuke yamejikusanya pale ulipolegea. Nikayamwaga upande usio wa mgonjwa. Kimya. Kwa raha ile sihami.

Mkagua_Cheti: Kabla hujalipa ada, hakikisha kozi ina ithibati ya CoARC, wale wanaokagua kozi za upumuaji Marekani. Mtihani ni TMC wa NBRC (bodi ya taifa inayotoa vyeti vya upumuaji), maswali 160, saa 3, na una alama mbili za kufaulu. Ukifika ya chini unapata CRT, ndiyo cheti cha ngazi ya kuanzia. Ukifika ya juu unaruhusiwa kufanya mtihani wa pili, wa visa vya wagonjwa kwenye kompyuta, ukipita ndiyo RRT, cheti cha ngazi ya juu. Usikomee CRT! California tangu 2015 wanaoomba leseni kwa mara ya kwanza wanadaiwa RRT.

NesiMkorofi: Mnampoteza mtoto wa watu. Unesi una milango: shuleni, kliniki, dayalisisi, majumbani. Halafu siku ukitaka kurudi Bongo? Kule oksijeni anaiweka nesi, na mashine za ICU ziko kwa manesi na watu wa dawa za usingizi. Hiyo RRT utaitundika sebuleni.

DadaMwanza: Hapo kwenye kurudi kanikamata, sina jibu. Ila kijana hajasema kama anarudi. Mimi nina swali moja tu: makohozi unayaweza? Maana kuna manesi wa miaka 20 hapa, kinyesi hawaogopi, makohozi wanatoka mbio.

NesiMkorofi: Nimo 😂

KijanaWaHouston: Matapishi nimezoea, makohozi sijui. Kuna babu ana tundu la kooni, chumba cha 12. Kesho mtu wa upumuaji akija nitaomba nisimame pembeni niangalie.